Mama Alipoanza Kupika Nje

Ningeikataa ile chumvi, ndugu yangu, leo nisingekuwa na haya ya kukusimulia. Jana mjukuu aliniuliza mbona nakula mboga bila chumvi wakati daktari hajanikataza. Nikamjibu kwamba nimezoea. Nilimdanganya.

Tulikaa milimani, juu ya Mkuyuni, mama na mimi. Baba alikuwa amekwisha kufa. Kule ni baridi, na enzi zile kila mtu alipikia ndani. Moshi ulipanda darini ukakausha mahindi ya mbegu, nasi tukalala na joto la mafiga. Nguo zetu zilinuka moshi hata kanisani. Padri alisema anatujua tukiwa bado mlangoni, na mama akacheka njia nzima kurudi nyumbani.

Yeye ndiye aliyekuwa Mkristo wa kwanza katika ukoo wetu. Hakuwa na maneno mengi ya dini. Mwanamke akijifungua, mama alifika na kuni kabla hajaitwa. Uwongo hakuusema hata kwa utani. Mjomba alikuwa akimchokoza: "Dada, wewe hata nyoka akikuuliza kisigino kiko wapi, utamwonyesha."

Vita vilipofika, Wadachi, yaani Wajerumani, walianza kurudi nyuma kuelekea kusini, wakikamata wanaume wa kubeba mizigo. Chumvi ikaadimika. Jirani yetu, Mwislamu mwenye watoto wadogo, aliumwa kifua hata kusimama hawezi. Mama akamficha darini kwetu, na tangu hapo akawa anapika nje, moshi usije ukamzidishia kikohozi.

Akida, mtu wa pwani aliyewekwa na Wadachi kututawala, alinikuta mtoni nikiteka maji.

"Shikamoo, akida."

"Marahaba. Siku hizi mnakula majani matupu, kama mbuzi?" Nikacheka. Akafungua kitambaa, chumvi nyeupe tele. "Kinga mkono. Mama yako hajambo? Habari za jikoni?"

"Anapika nje," nikasema.

Hakuniuliza zaidi. Nami, mtoto wa mlimani, nilijua vizuri nilichokuwa nimemwambia: darini kwetu kuna mtu. Nikakinga mkono.

Sikuwahi hata kuitua ile chumvi. Askari walifika uani nyuma yangu. Akida akamwuliza mama kama kuna mwanamume ndani. Nilitamani adanganye, mara moja tu.

"Yupo darini," mama akasema. "Anaumwa. Mzigo wake nitaubeba mimi."

"Bibi, huu si mtungi," askari mmoja akamwambia, na wenzake wakacheka. Mama akajitwika sanduku la risasi, akasimama wima. Kicheko kikaisha. Askari mwingine akapanda darini, akashuka akisema yule atawafia njiani. Basi wakamchukua mama.

Kabla ya kuondoka alitazama ngumi yangu. Chumvi ilikuwa ikichuruzika kati ya vidole. Nilingoja kofi.

"Itie kwenye mboga, mwanangu," akasema. "Na mgonjwa umpe."

Nimesoma hadi sekondari, nimezeeka, na maneno yale bado yananishtua kuliko viboko vya askari.

Jirani alipona, akanilimia shamba mpaka nikawa mtu mzima. Sikumwambia kitu. Nyumba ile haipo tena, na siku hizi kule watu wanapikia kwenye vibanda vya nje, hakuna anayeshangaa. Mama hakurudi, wala hatukuambiwa alipozikwa. Nilipokea kiganja kimoja cha chumvi, nikamtoa mama yangu.