Siku Siafu Walipovuka Jivu

Mwaka wa 1969, nikiwa na miaka minane, mama yetu alikufa hapa Kuresoi akaniachia mtoto wa miezi mitano mgongoni. Shule ikaishia hapo, darasa la pili. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nasema ujue ni nani anakuandikia.

Nimeyakumbuka kwa sababu ya mjukuu wangu wa Nakuru. Amekuja likizo ya Agosti, na Agosti yetu unaijua: ukungu mpaka saa nne, vidole vinakataa kufunga kifungo. Juzi alivaa jaketi mbili akaenda nyuma ya nyumba na simu yake, apige wadudu picha za kumpelekea mwalimu. Akafunua mawe, akapindua magogo, akarudi amenuna.

"Shosh, kwani wadudu wenu walihamia wapi?"

"Walisikia unakuja," nikamwambia.

Lakini swali lile halikunitoka. Zamani kwa boma hili hili hungeketi chini kwa nyasi bila kuumwa na kitu.

Tuliishi na nyanya, mama ya baba, kwa nyumba ya udongo. Baba alikuwa anapasua mbao huko msituni, anarudi mwisho wa mwezi. Kila asubuhi nyanya alichota jivu jikoni akalimwaga kuzunguka nyumba yote, mstari wa upana wa kiganja, kwa sababu msitu ulikuwa karibu na siafu hawapendi kuvuka jivu. Kisha anaenda kuchuma maua ya pareto kwa mashamba ya watu, nami nabaki na kazi mbili, mtoto na vifaranga. Vifaranga walikula wadudu. Wakati wa baridi wadudu hujificha, kwa hivyo ilibidi ujue makao yao: nyenje chini ya mabua ya mahindi, mabuu meupe ndani ya samadi, ile ambayo ukiichimbua inatoa mvuke kama ugali.

Siku hiyo baridi ilikuwa ya kuuma mifupa na sikuwa na viatu. Mtoto akasinzia, nikamlaza kwa blanketi karibu na moto, jambo nililokatazwa. Nilipotoka nyuma nikaona jivu la nyanya bado lina joto. Nikalikwangua kwa mikono ukuta mzima wa nyuma, nikafanya kilima, nikazika miguu humo. Mpaka leo sijavaa kiatu kitamu kama kile.

Nikiwa hapo, nyenje wakaanza kuruka kutoka majanini. Mmoja, watano, wengi. Na mende, na buibui, wote mbio. Vifaranga wakala mpaka wakashindwa kutembea. Nami nikachukua mkebe nikawa naokota huku nacheka peke yangu. Sikujiuliza wanakimbia nini. Mkebe ulipojaa nikainua macho, nikaona mstari mweusi, mnene kama kamba ya ng'ombe, unatoka kwa majani, unapita pale nilipokwangua, unapanda ukuta na kuingia ndani.

Nilikimbia. Blanketi lilikuwa jeusi, linatembea. Mtoto hayuko.

Sasa wewe ni mtu mzima, unajua siafu hawawezi kumaliza mtoto kwa muda wa kujaza mkebe. Mimi nilikuwa na miaka minane. Nilijua wamemla, mifupa na yote. Nikaliburuta blanketi lile hadi nje ya mlango wa mbele, nikaingiza mikono ndani kutafuta chochote kilichobaki. Wakanipanda mpaka kwa kope. Sikulia, kwa sababu niliona nikilia itakuwa kweli.

"Wewe, unatafuta nini humo?"

Alikuwa mama jirani, amesimama kwa ua wake.

"Mtoto."

"Mtoto yupi? Yule uliyewaachia siafu wakulelee?"

Alikuwa amemfunga mgongoni. Alikuja kwa mlango wa mbele kuomba kaa la moto, kama tulivyofanya siku hizo kiberiti kikiisha, akakuta siafu wamefika kwa pindo la blanketi. Akasahau moto, akabeba mtoto, akarudi kwa ua wake kungoja aone nitachukua muda gani. Mtoto alikuwa anakoroma. Nikakaa kwa matope nikalia mpaka yule mama akaacha kunichokoza, akaanza kunitoa siafu kwa nywele, mmoja mmoja.

Nyanya aliporudi aliuliza nani alitoa jivu. Nikasema kuku. Hakubishana. Aliangalia miguu yangu, nyeupe hadi vifundoni, akasema, "Jivu la ukutani si la kuota." Akanichapa vizuri, halafu akanipa maziwa ya moto.

Nyanya hayuko sasa. Mama jirani hayuko. Msitu umesukumwa mbali, na dawa ya viazi tunayonyunyiza, mimi nikiwemo, imemaliza hata nyenje. Mjukuu alipata jongoo mmoja tu, akampiga picha kumi na moja. Anasema ni hasara. Kwa nyenje nakubali, maana jioni zetu zimenyamaza vibaya. Kwa siafu siwezi kukudanganya. Siwalilii.

Nilicho nacho leo, bila cheti hata kimoja, ni ekari sita za viazi, ng'ombe wanne wa maziwa, nyumba ya mawe yenye sakafu ya simiti, tangi la maji, na pikipiki ya kupeleka maziwa. Na ndugu mmoja, mzima, mwenye kitambi, ambaye kila tukikutana ananiambia sijui kulea.