Mkono wa Kaka na Gemu ya Bunduki

Kaka yangu alikuwa dereva wa winchi bandarini. Aliketi ndani ya kibanda cha vioo, juu kabisa, na kwa vishikio viwili, kimoja kwa kila mkono, aliteremsha kontena juu ya lori taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha sinzia. Wenzake ndio waliotwambia hivyo walipokuja kumtazama alipougua. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kujisifu. Mimi nilichokijua ni kwamba mikono yake ilikuwa mitulivu. Mimi ni fundi wa pazia, nashona hapa hapa nyumbani kwa mama yetu Timbwani, na macho yangu yakichoka ni yeye aliyekuwa akinitungia uzi sindanoni.

Kiharusi kilimpata asubuhi akivaa viatu. Mama alimwita kutoka jikoni, naye akaitika, "Naam," lakini neno lilitoka limepinda, kana kwamba ana chakula mdomoni. Tulipoingia chumbani tulimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, anautazama mkono wake wa kulia kama mtu amtazamavyo mgeni aliyeingia bila hodi.

Alirudi kutoka hospitali akiburuta mguu, na mkono ule ukining'inia. Maneno yalimrudia polepole. Mguu nao ukapata nguvu, Alhamdulillahi. Mkono ndio uliokataa. Mtaalamu wa viungo, dada mmoja mpole, alimfundisha kutambaza vidole ukutani na kuinua kitambaa kilichokunjwa mpaka usawa wa bega. Kaka alifanya mbele yake kwa adabu. Dada akishaondoka, alirudi kwenye kiti chake akageukia dirisha.

"Kaka, dada kasema kila siku," nilimwambia.

"Kitambaa," alisema. Akatafuta neno lililofuata. "Mimi niinue kitambaa?"

Mtu aliyekuwa akiinua makontena, umwambieje kuhusu kitambaa?

Binamu yetu anayeishi Bombolulu alikuja kumtazama siku ya Ijumaa, akaona hali ile, na wiki iliyofuata akarudi na sanduku. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu aliyokuja nayo kutoka Uarabuni alikokuwa akifanya kazi, kuukuu lakini nzima. Ilikuwa na kamera ndogo ya kuweka juu ya televisheni na vifimbo viwili vya kushika mikononi. Kifimbo cha mkono wa kulia kilikuwa na mpira laini kichwani, mkubwa kama chenza, na mashine ilipowashwa mpira ule uliwaka rangi. Kamera ilikuwa ikiufuata mwanga huo. Ulipousogeza mkono, kitu kwenye kioo nacho kilisogea.

Binamu alianza na gemu za tenisi na za kuangusha chupa. Kaka alicheza kidogo akakiweka kifimbo chini. "Ya watoto haya," alisema. Ndipo binamu akatia ile ya bunduki, kwa kusitasita, akimtazama mama kwa pembe ya jicho.

Ilikuwa gemu ya askari katika mji uliobomolewa, mji usiotajwa jina. Askari mwenyewe humwoni. Unaona kwa macho yake, na mbele yako umetokeza mtutu wa bunduki. Kidole gumba cha kushoto kilimtembeza na mkono wa kulia ulikuwa ndio bunduki. Unakoelekeza mkono, ndiko risasi iendako.

Kaka aliinua mkono. Sote tuliona. Uliinuka ukitetemeka mpaka usawa wa kifua, kifimbo kimefungwa kiganjani kwa utepe wa kitambaa cha bitana niliokata hapo hapo, maana vidole havikuweza kukishika. Nyuma ya ukuta uliobomoka palichungulia mtu, kaka akamwelekezea mkono. Kidole chake cha kulia hakikuweza kufyatua, basi binamu alikuwa amekwisha badilisha mipangilio ili kitufe cha mkono wa kushoto ndicho kifyatue. Mtu yule akaanguka. Kaka akapumua kama aliyepanda ngazi ndefu.

Watu wameniuliza juu ya gemu ile, hasa wenye wagonjwa majumbani, nami hupenda kuwaambia kweli yote, nzuri na mbaya.

Uzuri wake ni kwamba haikumtaka mtu ajifunze upya. Zile gemu nyingine za vitufe vingi zingemshinda, maana kiharusi kilikuwa kimemwachia kichwa kinachochoka haraka. Hii ilimwambia tu, elekeza. Na kuelekeza hata mtoto mchanga anajua. Jambo la pili ni kwamba ilimpa sababu. Ukutani vidole vilitambaa kwa ajili ya kutambaa tu. Hapa palikuwa na mtu nyuma ya gari bovu, na usipoinua mkono atakuwahi. Kaka alishikilia mkono wake juu kupita muda aliotakiwa, jasho likimtiririka, bila kujua kuwa anafanya mazoezi. Dada wa viungo aliporudi na kumshika bega, alitabasamu. "Bega limeamka," alisema. "Mnampa nini?"

Tulimwambia. Alicheka kidogo, kisha akasema aendelee, ila apumzike mkono ukianza kuuma.

Lakini gemu ile haikutengenezwa kwa ajili ya mgonjwa, na haikumwonea huruma. Ili askari ageuke, ilibidi uelekeze kifimbo ukingoni mwa kioo, hapo dunia yote ianze kuzunguka. Mkono wa kaka ulipochoka na kuanguka, dunia ilianguka nao. Ilizunguka na kuzunguka, huku maadui wakimmiminia risasi mgongoni. Mara nyingine alishikwa na kizunguzungu tukamlaza. Mtetemeko mdogo wa mkono, ambao kwa macho huuoni, kwenye kioo ulikuwa mkubwa kama tetemeko la ardhi. Jua la asubuhi likiingia dirishani, kamera haikuuona mwanga wa mpira, na bunduki ilikuwa ikirukaruka hovyo. Nilimshonea pazia zito la kitambaa cheusi kwa ajili hiyo. Na kila mara kabla ya kuanza ilibidi asimame mbele ya kamera, aelekeze huku na huku, mashine imjue upya, kama mlinzi wa geti asiyekumbuka sura za wenye nyumba.

Mama hakuipenda tangu siku ya kwanza. Alivumilia kwa sababu ya lile bega. Siku moja alipita sebuleni na msala mkononi, akasimama, akatazama watu wanavyoanguka.

"Mwanangu," alisema, "hakuna dawa isiyotaka mtu auawe?"

"Picha tu, mama," kaka alimjibu.

"Najua ni picha." Akaenda zake kusali chumba cha nyuma.

Nyumba yetu imegawana ukuta na nyumba ya jirani, mama wa Kidigo, mtu mzima, aliyekaa pale tangu sisi wadogo. Alikuwa na mtoto wa kiume mmoja. Miaka kadhaa nyuma kijana huyo alipigwa risasi njiani akirudi nyumbani, na mpaka leo hakuna aliyekuja kumwambia mama yake ni nani aliyempiga wala kwa nini. Sisi tulikuwapo. Tulikwenda mazikoni, tulimpikia, tulikaa naye mkekani. Jambo hili halikuwa geni kwetu hata kidogo. Lakini furaha ya kuona mkono ukiinuka ilitufunga macho, na kila siku alasiri televisheni ilinguruma risasi upande huu wa ukuta, naye yuko upande wa pili.

Alibisha hodi siku moja baada ya sala ya alasiri.

"Karibu mama, karibu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo humu?"

Aliketi, akaulizia mkono, akauliza kama kaka anakula vizuri. Kaka alikuwa ameisimamisha gemu, na kioo kilionyesha mtaa mtupu wenye moshi. Jirani hakukitazama. Alizungusha ncha ya leso yake kidoleni.

"Nimekuja kuomba," alisema. "Sikuja kulaumu. Ile sauti."

Kaka alielewa kabla yangu. Niliona uso wake ukibadilika, upande mmoja zaidi ya mwingine, kama unavyobadilika tangu augue. Alitaka kusema, maneno yakamkwama. Akajaribu tena. "Mama... sikufikiri. Wallahi sikufikiri."

"Najua, baba. Mgonjwa hawezi kufikiria yote."

"Naiacha. Leo hii naiacha."

"Usiache," alisema jirani, na sauti yake ilikuwa kali kidogo. "Mamako kanambia mkono umefika begani. Usiache. Uzime sauti tu."

Kuanzia siku ile kaka alicheza kimya. Hapo tulijua upungufu mwingine wa gemu ile. Sauti ndiyo iliyokuwa ikimwonya adui anatokea wapi. Bila sauti alipigwa mara kwa mara kutoka asikokutazamia, akaanza upya, akapigwa tena. Hakulalamika. Sebule ilikuwa na ukimya mzito, mwanga wa risasi ukimulika kuta, na cherehani yangu ndiyo pekee iliyosikika.

Siku nyingine jirani alituletea muhogo wa nazi akamkuta anacheza. Nilidhani ataondoka upesi. Badala yake aliketi kitini nyuma ya kaka akatazama. Alitazama kwa muda mrefu, mikono mapajani. Kaka alitaka kuzima, jirani akamwashiria aendelee.

Kisha akauliza, "Hawa wanaoanguka, huenda wapi?"

"Vipi, mama?"

"Huyu hapa umempiga. Ameanguka pale karibu na pipa. Sasa hayupo."

Kaka alitazama. Mimi pia niliacha cherehani nikatazama. Ilikuwa kweli. Mtu alianguka, akalala kidogo, kisha akafifia, na mchanga ukabaki mweupe kana kwamba hakuwahi kuwapo. Tulikuwa tumeitazama gemu ile kwa miezi na hakuna kati yetu aliyeliona hilo.

"Wanatoweka," kaka alisema polepole.

"Hawazikwi?"

"Hawazikwi, mama."

Jirani alitikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa alivyotarajia. "Wangu hakutoweka," alisema. "Alilala pale njiani, jua likapanda, watu wakaogopa kumsogelea. Nikavua leso yangu nikamfunika. Inzi walikuwa wengi." Akaigusa leso aliyojitanda. "Nilikuwa na mmoja tu, lakini pale chini alionekana mkubwa, kajaza njia nzima."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Aliiweka chini, akaja akaketi karibu naye.

Kaka hakuacha kucheza baada ya siku hiyo, na simlaumu, maana mkono ule ulikuwa riziki yake. Lakini alicheza kwa namna nyingine. Kila alipompiga mtu alisimama, mkono umeinuka, akamwangalia mpaka afifie. Kwa kusimama hivyo alipigwa yeye. Gemu ikamrudisha mwanzo, akaanza tena. Hakuwahi kuumaliza ule mji. Binamu yetu alipokuja na kumwona alimwambia, "Kaka, hivi hutashinda kamwe." Kaka akainua mkono, akaanza upya.

Ikaja siku ya kwenda kupimwa na daktari wa kazini, wajue kama anaweza kurudi kwenye winchi. Nilimsindikiza. Aliinua mkono juu ya kichwa, daktari akafurahi. Akaukunja kwenye kiwiko, akaunyoosha. Kisha daktari akampa kishikio cha majaribio kilichokuwa mezani, akamwambia akisukume kidogo tu, kidogo kabisa. Kaka alisukuma. Mkono wote ulikwenda kwa mpigo mmoja mpaka mwisho. Akajaribu tena. Ukaenda vivyo hivyo. Vidole vilikuwa vimekizunguka kishikio lakini havikumtii.

Pale ndipo nilipouona upungufu mkubwa kuliko yote, nao tulikuwa tumeufunga wenyewe kwa utepe wa bitana. Gemu ilimtaka aelekeze na aliweza kuelekeza. Haikumtaka ashike. Bega na kiwiko vilipata kazi, vidole vilikaa bure miezi yote ile, na sisi tukashangilia.

Daktari alisema kwa upole kwamba hawezi kumpandisha juu. Kaka akamwambia, "Ahsante, daktari. Hata mimi nisingempandisha mtu mwenye mkono huu."

Kwenye feri ya kurudi nyumbani tulisimama ubavuni, yeye ameshika chuma kwa mkono wa kushoto. Ng'ambo ya pili winchi zilionekana, shingo zimeinuliwa. Hakuzitazama sana. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema hapana. Tulipokaribia kushuka alisema, "Yule mama, siku zote zile alikuwa akisikia."

"Alikwisha samehe, kaka."

"Najua kasamehe."

Mashine tulimrudishia binamu. Kaka hukaa barazani alasiri na jirani huja na ungo wake wa kunde. Humwekea fungu lake achambue, naye hutumia mkono wa kulia, polepole mno, na nyingi humdondoka. Jirani haziokoti upesi. Humsimulia mwanawe, jinsi alivyochelewa kutembea, jinsi alivyokuwa hapendi kula papa, jinsi alivyokuwa akicheka peke yake akisoma. Kaka hana haraka ya kujibu kwa sababu ulimi wake haumruhusu, na nadhani hilo ndilo linalomfanya jirani azungumze. Sisi wengine tulikuwa wepesi mno wa kumwambia mambo ya Mungu hayo, ajipe moyo. Kaka humwuliza swali moja moja juu ya mwanawe, baada ya kulitafuta kwa muda, na mama yule hulisubiri.