Sauti Niliyoituma Ijumaa

Korali yetu ina desturi ya Ijumaa. Asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda kazini, mmoja wetu anaandika katika kundi letu la simu ni muziki gani anausikiliza siku hizo, na kwa nini. Aliyeianzisha ni rais wa korali, papa mmoja mwalimu wa sekondari. Wengine huandika ukweli mtupu. Fundi cherehani wetu, anayeimba besi, aliwahi kuandika kwamba anasikiliza rumba moja ya zamani kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikipigwa siku mke wake alipomkubali, na ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikipigwa siku alipomfungia nje. Tulicheka wiki nzima.

Mimi nilikuwa nadanganya. Zamu yangu ikifika niliandika misa kubwa za Ulaya zenye vinanda vya mabomba, kumbe nilikuwa nimezisikiliza dakika tatu, kisha nikasinzia. Nilijifundisha kinanda peke yangu, kwa kutazama kwenye simu mikono ya watu nisiowajua, na tangu hapo naishi na hofu kwamba siku moja mtu ataniuliza nilisomea wapi. Ndiyo maana nilipopewa kuongoza mazoezi nikawa mkali. Niliweka kwenye simu programu ya kupimia sauti: mtu anaimba, sindano inatembea, ikisimama katikati inakuwa ya kijani, ikikosa inakuwa nyekundu. Niliiegemeza simu juu ya kinanda ili wote waione. Wakaniita maestro wa simu. Nilijifanya kucheka.

Kwenye alto kulikuwa na maman mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, katika soko la Kadutu. Yeye ndiye aliyetufundisha wimbo wa Mashi, lugha ya wazee wetu, tunaouimba wakati wa matoleo, watu wanapopeleka mavuno mbele ya altare. Na ndiye aliyesimama mbele ya kamati ya parokia nilipokuwa sijulikani na kusema: "Mumupatie huyu mutoto kinanda. Tangu akiwa mudogo anagonga-gonga mabenchi, ataishia kuyavunja."

Katika wimbo huo, kwenye neno la pili la kila ubeti, sauti yake ilikuwa inatua chini kidogo ya kinanda changu. Sindano nyekundu. Nilimwomba apandishe. Alipandisha nyusi, akaimba vilevile. Nyekundu tena.

Ijumaa ya zamu yangu nilichukua rekodi ya mazoezi, nikakata pale anapoimba peke yake, nikaituma katika kundi. Nikaandika: "Leo ninasikiliza hii, kwa sababu inaonyesha wazi namna sauti inavyoteremka bila mwimbaji kujua. Tujifunze." Jina sikuandika, na hilo nililiona kuwa adabu. Niliusoma ujumbe mara saba kabla ya kuutuma, nikihakikisha mikato iko mahali pake. Katika mara hizo saba, yeye mwenyewe hakunijia akilini hata mara moja.

Kila mtu aliitambua sauti. Zilimiminika zile sura ndogo za kucheka. Kabla ya Jumapili binti mmoja wa soprano alikuwa ameifanya mlio wa simu yake, na simu hiyo ikalia kwenye ua wa kanisa, misa ikiwa imekwisha, maman akipita. Alisimama. Alijisikiliza mpaka mwisho, akakaza kitenge chake kiunoni, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata, siku ya mazoezi, kiti chake kilikuwa kitupu. Na Jumamosi nyingine.

"Maestro, maman yetu iko wapi?" rais aliniuliza.

"Labda soko imemubana," nilijibu. Nilikuwa najua.

Ujumbe niliufuta, lakini rekodi sikuifuta. Nilianza kuisikiliza, na hapa ndipo kwa mara ya kwanza ningeweza kujibu swali la Ijumaa bila kudanganya. Niliisikiliza nikishuka ngazi za mtaa wetu, nikingoja mafuta ya kukaangia yapate moto, nikipiga pasi. Sababu haikuwa nzuri: nilitaka ushahidi kwamba nilikuwa na haki. Siku moja niliweka simu mbili mezani, moja iimbe na nyingine ipime. Ubeti wa kwanza, sindano ikasimama mahali fulani kati ya vibao viwili vya kinanda. Wa pili, palepale. Wa tatu, palepale. Wa nne, palepale, kama mtu anayeweka funguo juu ya msumari uleule kila jioni. Anayekosa hukosa huku na huku. Huyu hakuwa amekosa hata mara moja. Sauti yake ilikuwa na mahali pake, na kinanda changu ndicho hakikuwa na kibao cha kupafikia.

Nilipanda Kadutu siku hiyohiyo.

Nilimkuta jikoni kwake, akichambua sambaza kwenye ungo.

"Karibu, maestro wa simu. Kaa pale. Kiti iko na muguu moja mufupi, iko chini-chini kidogo, sawa vile sauti yangu."

Nilikaa. Kiti kiliyumba. "Maman, nimekuya kuomba musamaha."

Hakuinua kichwa. "Ulinisemea wapi?"

"Mu kundi."

"Na hapa tuko wangapi?"

"Tuko wawili."

"Bon. Kwa hiyo kitu ulinipakaa ku barabara, unataka kunipanguzia ku jiko."

Nilimweleza habari ya sindano, kwamba nimepima na kumbe alikuwa sawa. Nilidhani atafurahi. Aliutoa mkono ndani ya samaki.

"Ulipima ndiyo ukajua? Hiyo wimbo maman yangu alinifundisha tukipalia maharagwe. Kinanda haikukuwa mu shamba."

"Nitaandika mu kundi, maman. Nitatuma tena sauti yako, niseme ni mimi nilikosa."

"Sauti yangu usiitume tena! Imetembea ya kutosha. Tuma yako. Imba weye, pasipo kinanda, mara moja tu, kama vile uliniibia yangu mara moja tu."

Inafaa niseme: nilikuwa sijawahi kuimba mbele ya watu. Kwenye korali ninafungua mdomo tu, nyuma ya kinanda, na nilidhani hakuna anayejua. Yeye alijua. Alinipa sambaza kwenye kimfuko cha plastiki, nikashuka nao nikiona haya.

Haikuwa Ijumaa yangu, lakini niliandika hivi: "Ninasikiliza wimbo wetu wa matoleo kwa sababu nilimwaibisha aliyetufundisha, na yeye alikuwa sawa. Mimi ndiye sikujua kusikia." Nikaimba, nikatuma. Maman alikuwa amesema niimbe mara moja tu. Niliimba mara tisa, nikachagua ya tatu. Hilo sijamwambia mpaka leo, na kuwaambia ninyi kwanza nako si haki.

Adhuhuri ikaja sauti ya maman, makelele ya soko yakiwa nyuma:

"Na miye leo niko nasikiliza kitu. Nasikiliza huyu mutoto wetu, juu ya kuwaonyesha namna sauti inateremukaka bila mwenyewe kujua. Ku neno ya pili ameanguka, na hata chini hajafika. Mujifunze!"

Halafu kicheko, chake na cha wanawake wa meza za jirani. Sura za kucheka zikamiminika tena, safari hii kwangu. Niliziangalia zote, moja moja. Nilistahili, na ziliniuma hata hivyo.

Jumamosi alikuja. Hakunisalimu kwa namna ya pekee. Alipita kando ya kinanda, akaichukua simu yangu pale ilipoegemea, akailaza kifudifudi, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Tukaanza wimbo wa matoleo. Tulipofika kwenye neno la pili niliinua vidole vyangu, kinanda kikanyamaza, nikamwachia apite.