Mkaguzi wa Maji Kujaa

Mkaguzi wetu wa majengo ya kale hana bahati na bahari, maskini. Ngome tunayoikarabati iko kwenye kisiwa kidogo mkabala na Fumba: maji yakipwa unavuka kwa miguu, yakijaa unabaki ulipo. Yeye kila akija, yamejaa. Husimama ufukweni na viatu vyake vinavyong'ara, akakinga jua kwa kiganja laini kama cha bwana harusi, akatupigia kelele: "Mashaallah! Tao la mlango limekaa sawa, endeleeni!" Macho hayo hata kipanga hana. Fundi Mjaka, aliyelalamika mwezi mzima kwamba tao lina ufa, aliambiwa apunguze wasiwasi.

Juzi mfadhili wa kazi hii alitaka kufika mwenyewe, tena maji yakiwa yamekupwa. Mkaguzi ikambidi avue viatu, akavuka nyuma yake amepandisha suruali kana kwamba matope yana meno. Hata hatujakaa, mvua ikashuka. Tukakimbilia chini ya tao, mfadhili mbele, maana ngome nzima haina pengine pa kujificha. Mkaguzi akabaki uwanjani, viatu mkononi, anatazama juu.

"Ingia, bwana, unarowa!" Mjaka akamwita. "Si umesema liko sawa?"

"Nnapenda mvua," akajibu, meno yanagongana.

Mfadhili akamtazama yeye, akautazama ufa juu ya kichwa chake mwenyewe, kisha akatoka taratibu kwenda kusimama naye. Huo ndio ukaguzi wa kwanza wa karibu wa mkaguzi wetu, na hakuna aliyeupinga: tukatoka sote, tukarowa naye.