Simu Isiyowekwa Chini

Mtambo wa simu wa Mtwara uliganda tena. Gaudensi, fundi wake, alikaa juu ya sanduku la vifaa akiutazama kama mbuzi aliyegoma njiani. Taa zinawaka, swichi kimya, mji mzima hausikii mlio.

"Zima, washa," alisema mkuu wake, Bwana Filipo. "Si ndivyo tunavyofanya siku zote?"

"Na siku zote unaganda, mzee. Nikizima, kila dalili inapotea. Leo niache niuchunguze hivi hivi ulivyo."

"Wakubwa wakinipigia kelele?"

"Watakupigia kwa simu ipi?"

Filipo alicheka bila kutaka, Gaudensi akaiwahi nafasi hiyo. Tangu korosho zianze kuokotwa alinyimwa likizo kwa ajili ya mtambo huu. Mkewe Rozalia alijifungulia Masasi, na mtoto hajamwona.

"Nikiupata ugonjwa wake, kesho napanda basi. Tukubaliane sasa."

"Haya. Upate kwanza."

Alifuata waya kwa waya, macho yakimwasha, hadi swichi ya njia ya Mikindani, nayo ni moja tu. Imeshikwa. Kila aliyetaka Mikindani alikwama nyuma yake, kashika swichi nyingine akingoja, mpaka swichi zikaisha. Aliyeishika kwanza ni Hassani, mwenye duka wa mtaa wa Rahaleo.

Alimkuta dukani, simu sikioni, haongei; binti yake mdogo kakaa kando.

"Unaongea na nani?"

"Na baba mkwe, Mzee Athumani wa Mikindani. Tumeshaagana."

"Si uweke chini!"

"Nimkatie mkwe simu? Unataka mke wangu arudi kwao?"

"Na yeye mbona haweki?"

"Anasema ni sawa na kunifungia mlango usoni. Huiacha mezani, akaenda zake shambani."

Gaudensi aliketi juu ya gunia. Hata nguvu za kukasirika hakuwa nazo.

"Binti yako huyu, anataniana na babu yake?"

"Salma? Wanatukanana kutwa!"

"Basi kuanzia leo, kuaga ni kazi ya Salma."

Salma aliipokea simu kwa furaha, akapaza sauti kana kwamba babu angesikia huko shambani. "Kwaheri, mume wangu kikongwe! Nimepata kijana!" Akaibwaga.

Ofisini, swichi zilianza kuachia moja moja, kwa uvivu.

"Ungengoja kidogo tuhakikishe," Filipo alijaribu.

"Tulikubaliana, mzee."

"Ukiganda tena?"

"Tuma mtu kwa Salma."

Asubuhi, basi la Masasi halijaondoka hata stendi, Gaudensi keshalala kitini.