Bi Futi na mama wa jikoni

Jina alilopewa na wazazi wake lilijulikana kwa watu wawili tu, mumewe na karani wa benki. Wengine wote walimwita Bi Futi, kwa sababu ya futi ya chuma ya kupimia vyumba iliyokaa kwenye mkoba wake pale ambapo wanawake wengine huweka poda. Alikuwa dalali wa nyumba kwa miaka kumi na tisa. Ukimwambia madalali ni waongo alikubali bila kinyongo, kisha akakuuliza kama umewahi kukaa na mtu anayeuza nyumba yake, maana huyo ndiye mwalimu wao.

"Atakuficha nyufa, atakuficha majirani, akipata nafasi atakuficha hata choo," alikuwa akisema. "Siku ya kwanza huendi kuangalia nyumba. Unakwenda kumwangalia yeye."

Na siku hiyo ya kwanza alikuwa na utaratibu ambao haukubadilika, mvua inyeshe au jua liwake. Alifika mapema, akaizunguka nyumba kwa nje kama aliyepotea njia. Akishaingia, bei haitaji hata umbane vipi; dalali anayetaja bei kabla ya kuona vyumba, kwake alikuwa sawa na daktari anayeandika dawa akiwa barabarani. Alisifu kitu kimoja tu, pazia au sakafu, kwa kuwa ukisifu mno mwenye nyumba hupandisha kichwa na bei kwa pamoja. Kisha akaomba maji ya kunywa. Hapo kwenye maji ndipo palipokuwa na ujanja wake wote. Maji yako jikoni, na jikoni yuko mfanyakazi wa ndani, na mfanyakazi ndiye anayehangaika na ndoo paa likivuja. Bi Futi aliyafuata maji mwenyewe, akauliza kwa sauti ya chini: linavuja wapi? Hajawahi kudanganywa jikoni.

Mwaka huo mambo yalikuwa yamemwendea kombo. Nyumba tatu mfululizo alikuwa amenyang'anywa na vijana wenye kamera za kuruka, wanaompiga picha kuku wa jirani na kuziita mandhari. Kwa hiyo bwana mmoja mwenye sauti laini alipompigia simu, akisema ana nyumba ya vyumba vinne, kiwanja cha kona, na anataka kuiuza upesi kwa sababu amehamishwa kikazi, Bi Futi alisimama wima kama anayeongea na waziri.

"Nani mwingine anaishi hapo?" akauliza. Hilo hakulisahau kamwe, kwani mtu mzima ambaye hakushirikishwa ndiye huja kuvunja biashara dakika ya mwisho.

"Mimi tu," bwana akajibu. "Na mama mmoja wa kazi. Huyo usihangaike naye, ni wa siku nyingi, ameanza kusahausahau."

Asubuhi ya pili yake bwana akampokea mlangoni, mtu wa miaka arobaini na kitu, shati jeupe, miwani, viatu vinang'aa. Sebule ilikuwa safi. Ukutani palikuwa na alama za mraba, nyeupe kuliko ukuta wenyewe, mahali ambapo picha zilikuwa zimetolewa. Bi Futi alifurahi moyoni. Miaka yote alikuwa akiwasihi wauzaji watoe picha za ukoo ili mnunuzi ajione yeye ndani ya nyumba, nao humnunia. Leo amepata mtu aliyefanya bila kuambiwa.

"Umefanya la maana kutoa picha," akamwambia. Hiyo ndiyo ikawa sifa yake moja ya siku.

Bwana akatabasamu, akasema atabaki sebuleni na karatasi zake, yeye azunguke tu.

Akapima chumba baada ya chumba. Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, chenye dirisha zuri kuliko yote, na ndani mlikuwa na kitanda kimoja, fimbo ya kutembelea na kabati zee la mbao ngumu. Akaelewa kuwa ni cha mama wa kazi, akasema kimoyomoyo kwamba bwana huyu ana utu, maana waajiri wengi huwalaza watu wao stoo. Aliandika vipimo, akaomba maji, akaenda jikoni.

Mama wa kazi alikuwa amevaa aproni, ameketi mezani akichambua maharage. Umri wake ulikuwa wa kuamkiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Maji? Kaa nikumiminie."

Bi Futi akanywa, akainama karibu. "Mama, sisi wote ni watu wa kazi. Nambie kweli, paa linavuja wapi?"

Mama akacheka. "Wewe una akili. Wale wa mwanzo walipaka bila kuuliza, mwezi haujaisha rangi ikavimba. Linavuja juu ya dirisha la chumba changu. Mume wangu aliliziba mara mbili kabla hajafariki."

"Pole, mama. Kumbe na mumeo alikuwa akifanya kazi hapa?"

"Kazi gani? Mume wangu ndiye aliyeijenga. Mimi nilikuwa namchanganyia zege, na huyo aliyekufungulia mlango nikiwa naye tumboni."

Bi Futi alishika ukingo wa sinki. Miaka kumi na tisa alikuwa amekuta waume wakiuza kwa siri ya wake zao, ndugu wakiuza kabla marehemu hajazikwa, akadhani ameyaona yote. Hili hakuwa na mahali pa kuliweka. Na yule mama, bila habari, aliendelea kutenga mawe na maharage.

"Sasa umemshauri rangi gani? Mimi kijivu sitaki. Kaniambia ukimaliza kukagua nitasaini karatasi zako. Na hati ya nyumba kaichukua juzi, eti fundi anaihitaji kwa vipimo."

"Mama," Bi Futi akasema, "mimi si mtu wa rangi. Mimi ni dalali. Nimeitwa kuiuza nyumba hii."

Vidole vya mama vikasimama. Akamtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini na hajui ni saa ngapi.

"Na mimi alikwambia ni nani?"

Bi Futi, aliyewahi kumshawishi mnunuzi kuwa kinamasi ni bustani ambayo haijaanza, alitamani kudanganya. Tena uongo mzuri alikuwa nao tayari. Lakini macho yalimsaliti yakaangukia aproni, na mama akayafuata.

"Sema, mwanangu. Nimekwisha kuona."

"Alisema anaishi peke yake. Yeye na mama wa kazi."

Mama hakulia. Alitia kikombe cha chai kwenye sinia, akakitia sukari vijiko viwili bila kuuliza, akatangulia kwenda sebuleni, mguu mmoja akiuburuta. Bi Futi alimfuata, fomu ya mkataba wake wa udalali ikimuunguza mkononi.

Bwana alikuwa kochini, kalamu tayari. Mama akaweka sinia mbele yake, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama karibu na mlango, mikono ameifumbata tumboni.

"Chai yako, bosi."

Kalamu ilianguka. Bwana akamtazama Bi Futi, akamtazama mama.

"Mama," akasema.

"Mama yupi, bosi? Humu mnaishi wewe na mfanyakazi tu." Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ile aliyomkaribishia Bi Futi maji. "Mfanyakazi anaomba hati ya nyumba yake. Halafu unywe chai, itapoa."

Bwana akainama, akavuta begi lililokuwa chini ya kochi, akaitoa. Alipomkabidhi, mama aliipokea kwa mikono miwili na kumwambia ahsante, bosi.