Halmoni Aliponiuliza Kipi Kilitangulia

Siku ninayoikumbuka zaidi katika ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyokuwa namenya vitunguu saumu katika jiko la Wakorea pale Kibiti, mara kaka yangu Shabani akaletwa kambini amelazwa juu ya kitanda cha kamba. Nimeikumbuka tena leo baada ya kusikiliza ujumbe wako wa sauti kutoka huko Korea. Umesema lugha yao imekushinda. Umefika kwenye somo la kusimulia matendo yanayofuatana, kila ukijaribu unachanganya, na sasa unafikiria kuacha chuo urudi nyumbani. Halafu ukamalizia, "Lakini mimi sijambo, Bibi." Haya. Nami nakujibu kwa sauti vilevile, mtandao wa hapa kwetu Nyamisati ukinihurumia.

Siku hizo nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba, na Wakorea walikuwa wamepiga kambi wakijenga barabara. Jikoni alikuwapo mama mzazi wa injinia wao mmoja, bibi mfupi, mkali kwa chumvi na mpole kwa watu. Tulimwita Halmoni, ndivyo wanavyomwita bibi kwao. Yeye Kiswahili hakijui, mimi Kikorea sikijui, basi tukafundishana kwa kabichi. Kabichi hukatwa, hutiwa chumvi, huachwa inywee, husuuzwa, ndipo ipakwe pilipili. Kila nilichofanya alitaka nikitaje, tena nikitaje kwa zamu yake.

Hapo ndipo nilipoyajua hayo yanayokutesa. Sisi tuna "ka" yetu, nikaenda, nikanunua, nikarudi, na inatubeba safari nzima. Wao wana viungo vingi. Kuna "go", inayounga tendo na tendo tu, hili halafu hili. Kuna "aseo", pale tendo la kwanza linapolishika mkono la pili: nimekwenda sokoni, na huko huko sokoni nikanunua samaki. Kuna "go naseo", la kwanza limekwisha kabisa ndipo la pili linaanza. Na "jamaja" ni hili likitoka tu, lile limeshaingia. Kama mambo ni ya jana au ya kesho, utalijua hilo kwenye kitenzi cha mwisho, kwa hiyo anayesikiliza hana budi akusubiri umalize. Nilipochanganya, Halmoni aliweka kijiko chini, akanitazama, akanirudisha mwanzo. Hakunikaripia hata mara moja, na mimi niliona bora angenikaripia.

Sasa Shabani. Babu yako huyo wewe umemkuta mzee wa mkongojo, lakini wakati huo alikuwa kijana hata hajaoa, na mimi nilimpenda kuliko ndugu zangu wote. Siku iliyotangulia alikuwa na homa. Siku hiyo alikwenda kwenye mikorosho, akarudi anatetemeka, jasho linamtiririka, mate yanamtoka, tumbo limemkaza. Nyumbani wakaamua kwamba homa imerudi na imempanda kichwani. Na kwa kuwa kwetu mgonjwa hapelekwi kwa daktari na nguo za shamba, walimvua, wakamvisha kanzu safi, wakampaka marashi, ndipo wakambeba.

Kitanda walikitua barazani. Daktari wa kambi alikuwa ndani, anamfunga kibarua mmoja kidole. Alikuwa mtu mwema, anayejivunia salamu chache za Kiswahili alizojifunza, akauliza kwa sauti kutoka huko huko ndani, "Habari ya mgonjwa?" Baba yetu mdogo, Mzee Athumani, akajibu kama tulivyolelewa wote.

"Njema, alhamdulillahi. Hajambo."

Daktari akafurahi, akaendelea na kidole chake. Baba mdogo akasimama pale na kofia mkononi, anasubiri aulizwe tena, maana kwetu baada ya njema ndipo inapokuja ila. Daktari wa watu hakuijua hiyo ila, na mkalimani alikuwa amekwenda Dar es Salaam.

Mimi nilipomwona kaka macho yamemgeuka, niliingia ndani nikilia. Nilitupa maneno yote ya Kikorea niliyokuwa nayo kwa mkupuo: anakufa, homa, jana, kala, shamba, anakufa. Daktari akatoka mbio, akamshika paji la uso. Alichokipata kwangu ni homa na jana, akafungua kabati la dawa za malaria. Nani angemlaumu?

Halmoni alikuwa amenifuata, mikono bado imelowa. Alinifuta uso kwa aproni yake, akanishika mabega, akaniambia polepole kwa lugha yake, kama tulivyokuwa tukisema jikoni:

"Mwanangu, kipi kilitangulia?"

Nikamgeukia baba mdogo nikamuuliza moja moja. Asubuhi kaka aliamka vipi? "Kaamka mzima, homa imekwisha." Kisha? "Kapuliza dawa ya wadudu kwenye mikorosho. Bomba lilikuwa linavuja, limemlowesha mgongo mzima." Kisha? "Kala muhogo." Alikoga kwanza? "Hata mikono hakunawa." Kisha? "Alipomaliza kula tu, jasho likaanza."

Kila jibu nilimpa daktari likiwa limeungwa na la nyuma yake, na yeye akasubiri mpaka kitenzi cha mwisho. Nilipofika kwenye bomba linalovuja, aliuachilia mlango wa lile kabati. Kanzu ikachanwa, Shabani akasafishwa mwili mzima kwa sabuni na maji tele, akachomwa sindano nyingine kabisa, ya kuizima ile sumu ya wadudu. Halmoni alikaa na mimi barazani, ameukumbatia mkono wangu, mpaka jioni kaka alipofumbua macho akaomba maji. Nililia kuliko nilivyolia mchana.

Basi nakuusia, mwanangu, somo hilo usiliache. Ugenini likikupata jambo, hatakuwapo baba mdogo wala shangazi wa kukusemea, na atakayetaka kukusaidia atahitaji kujua lilianzia wapi. Jifunze kulisema tangu mwanzo, polepole, hata midomo ikitetemeka. Ukikosea, rudi mwanzo, wala si aibu.

La pili ni langu na wewe. Hiyo sijambo yako nimeipokea, ni adabu niliyokufundisha mwenyewe. Lakini nimekulea, sauti yako naijua, na safari hii ilikuwa na machozi. Mwanafunzi aliyeshindwa na viungo vya maneno halii vile. Nipe na ila yake. Anza na siku uliyotua huko, uje taratibu hadi jana, na ukitaka kurudi baada ya hapo, mlango u wazi na hakuna atakayekusema.

Mungu akufunike ugenini, akulainishie ulimi, akukutanishe na watu wenye subira ya kukusikia mpaka mwisho. Leo nianze mimi kukusikiliza. Simu imejaa chaji, na sina pa kwenda.